Utangulie au mwende wote? Jibu kwa mleta mada, kutoka Hamburg

Ndugu mleta mada, umeuliza kama uondoke na mkeo na watoto kwa pamoja mkataba wako wa hospitali huko Ujerumani utakapoanza mwezi Novemba, au utangulie peke yako, na umeeleza kuwa mtoto mkubwa ana miaka minne na mdogo ana mwaka mmoja. Mimi ni daktari niliyesoma Muhimbili, nipo Hamburg tangu mwaka 2022, na nilikuja na watoto wa umri unaokaribiana na wa hao wako. Ushauri wangu ni kwamba utangulie, na tarehe ya kuwaleta uipange kwa kuangalia chekechea, si kwa kuangalia mkataba. Mimi nilitangulia kwa siku kumi tu ili tusitengane, na aliyeumia kwa uamuzi huo ni mke wangu.

Nianze na nyumba. Sheria ya Ujerumani inakutaka uandikishe makazi yako ndani ya wiki mbili tangu uingie kwenye nyumba, na huwezi kuandikishwa bila barua ya mwenye nyumba. Namba ya mlipakodi, posho ya watoto na karibu kila kitu kingine vinasubiri uandikishwaji huo. Wenye nyumba nao hutaka kukuona kwa macho, kuona hati zako za mshahara, na kupokea dhamana ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Mambo hayo hayafanyiki vizuri ukiwa Dar es Salaam. Mimi nilisaidiwa na Mtanzania mwenzetu nikapata nyumba, nikasaini bila kuiona, na sikujua kwamba huku nyumba nyingi hupangishwa bila jiko. Jioni familia yangu ilipofika kutoka uwanja wa ndege, tulifungua mlango wa jikoni tukakuta mabomba mawili yamechomoza ukutani na nyaya za umeme zinaning'inia darini. Hapakuwa na sinki, kabati wala balbu. Kwa wiki tatu mke wangu alipikia jiko dogo la umeme la sahani moja lililowekwa juu ya kreti, na vyombo akaviosha bafuni amepiga magoti, huku mimi natoka alfajiri na kurudi usiku.

Kazi yenyewe usiidharau hata kama umefaulu mtihani wao wa lugha ya udaktari. Mtihani ule una sehemu tatu za dakika ishirini ishirini, nawe unazungumza na mtu mmoja mtulivu. Wodini utapigiwa simu saa nane usiku na mtu anayeongea lahaja yake kwa haraka. Kilichonichosha zaidi ni barua. Kila mgonjwa akiruhusiwa huondoka na barua ndefu kwa daktari wake wa mtaani, na barua ambayo wenzangu waliisema kwenye kinasa sauti kwa dakika kumi, mimi niliiandika kwa saa nzima, nikifuta na kuandika upya. Nilikuwa katika miezi sita ya majaribio, ambayo ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili, kwa hiyo niliogopa kuomba chochote. Nilibaki wodini hadi saa mbili usiku karibu kila siku.

Na ulikuwa mwezi Desemba, ambapo Hamburg jua huchwa kama saa kumi jioni. Usiku mmoja nilirudi nikamkuta mke wangu amekaa jikoni bado amevaa koti, watoto wamelala na viatu vyao. Mdogo alikuwa na homa. Alikuwa amempeleka kwa daktari wa watoto, mhudumu wa mapokezi akamweleza jambo kwa upole na kumpa karatasi, naye akarudi kwa basi bila kujua ameambiwa nini. Karatasi ilisema hawapokei wagonjwa wapya, na iliorodhesha mahali pengine pa kwenda. Mke wangu alikuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka sita, mtu wa kuongea mbele ya wanafunzi sitini. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kesho nitawahi kurudi, nami sikuwa na jibu.

Ndiyo maana naisisitiza chekechea, ambayo wenyewe huiita Kita. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata malezi ya aina hiyo, na hapa Hamburg mji hulipia saa tano kwa siku pamoja na chakula cha mchana kwa njia ya vocha. Saa tano hizo zinamtosha mkeo kusoma darasa la asubuhi la Kijerumani, ambalo kozi yake ya kawaida ina saa 600 za lugha na 100 za kujifunza nchi. Bila chekechea hasomi, asiposoma simu na barua zote za nyumbani zinabaki mikononi mwako, na kazi yako haina nafasi ya kuzibeba.

Lakini kuwa na haki si kuwa na nafasi. Na nafasi ikipatikana, usifikiri utamwacha mtoto mlangoni ukakimbilia kazini, kama nilivyodhani mimi. Wana utaratibu wa kumzoeza mtoto: katika mfumo tuliofuata sisi, siku tatu za kwanza mzazi hukaa naye chumbani kwa muda mfupi kisha wanaondoka pamoja, na siku ya nne ndipo mzazi hutoka nje kwa dakika chache ili waone mtoto atafanya nini. Zoezi zima huchukua wiki kadhaa. Mke wangu alilifanya peke yake, mdogo akiwa mgongoni. Mwalimu aliomba kitu chenye harufu ya nyumbani, mke wangu akampa khanga, na mwanetu aliilalia mchana kwa miezi minne, imekunjwa kwenye kikapu chenye jina lake pamoja na mabuti ya mpira na suruali ya kuzuia mvua. Hivyo viwili vya mwisho vinunue mapema, maana watoto hutolewa nje hata kukinyesha.

Mdogo alipata nafasi mwezi Agosti uliofuata, na Septemba mke wangu akaanza darasa. Majira ya kuchipua yaliyofuata alipiga simu mwenyewe kwa daktari wa watoto, akabishana kuhusu tarehe, na akashinda. Kwa upande wangu, majaribio yalipokwisha nilimwomba mkuu wa idara niondoke saa kumi siku mbili kwa wiki, akakubali papo hapo, na mwenzangu mmoja akanipa barua zake za zamani nizitumie kama mfano. Ningeweza kuomba tangu mwezi wangu wa pili kazini.

Jambo moja la kisheria usikosee. Mtoto akiugua, wazazi walio kwenye bima ya umma wana siku za kumuuguza kwa malipo. Mwaka 2025 zilikuwa siku 15 za kazi kwa mzazi mmoja kwa kila mtoto. Ila zinatolewa tu kama hakuna mtu mwingine nyumbani wa kumwangalia, kwa hiyo mkeo akiwa bado nyumbani usizitegemee. Bima hiyo humhudumia mke asiye na kipato pamoja na watoto bila makato ya ziada. Posho ya watoto iombeni mara tu wakifika, kwa sababu hailipwi nyuma zaidi ya miezi sita.

Kwa tarehe zako, mimi ningewaleta Aprili. Utakuwa umepata nyumba na umefunga jiko, na siku zitakuwa zimeanza kurefuka. Kutembelea chekechea na kuzungumza na wakuu wake usisubiri wafike. Likizo nayo itunze: katika nusu mwaka wa kwanza unajipatia sehemu moja ya kumi na mbili ya likizo ya mwaka kwa kila mwezi, kwa hiyo hata kwa kima cha chini cha siku 20 kwa mwaka utakuwa na siku nane, zitumie kwenye wiki za kumzoeza mtoto. Najua miezi mitano ni mingi. Mtoto wa mwaka mmoja huenda akakuogopa uwanja wa ndege, nimeliona kwa mwenzangu. Usimchukue kwa nguvu mikononi mwa mama yake, mwache akutazame.

Na mkeo abebe kadi za kliniki kwenye mkoba wa mkononi. Tangu Machi 2020 chekechea hairuhusiwi kumpokea mtoto wa mwaka mmoja na zaidi bila uthibitisho wa chanjo ya surua. Za kwetu tulizisahau Mbagala kwa bibi yao, na zilipotufikia, nafasi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa imekwenda kwa mtoto mwingine.