Land Rover 109 na injini ya 3L nyuma ya nyumba: anzia chini, injini ije mwisho

Kila wiki kuna mtu ananikamata sheli au ananitumia meseji, "we jamaa ile 109 yako uliwekaje 3L, na mi nataka." Hiyo 3L si lita tatu, ni jina tu la injini ya diseli ya Toyota. Ukimuuliza gari yake iko wapi anakwambia gari hajapata bado ila injini ashalipia. Mi mwenyewe nilianza hivohivo, injini kwanza, na ndo maana kazi ya miezi nane imenila miaka miwili na nusu. Ngoja niandike mara moja nisiwe narudia.

Gari yenyewe ni Land Rover 109 (inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), toleo la Series III, zile zilizotoka 1971 mpaka 1985. Injini iliyokuja nayo ni petroli cc 2286, haiendi popote ila mafuta inakunywa balaa. Hapa Arusha hizi gari ni kama ndugu, spea hazikosekani na mafundi wako kila mtaa, kwaiyo kama una ndoto ya kutengeneza gari nyumbani huwezi kuchagua ya kuanzia nzuri kuliko hii. Gereji sina. Nina kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, sakafu ya zege nilimwaga mwenyewe, na mama watoto ambaye mpaka leo anaiita "hilo jumba lako."

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haiozi kama ya Toyota, na hapo ndo watu wanapigwa. Unaona bodi imenyooka unalipa, kumbe chesisi chini ni chuma cha boksi na inaliwa na kutu kuanzia ndani, matope yanaingia yanakaa humo miaka na miaka. Nenda na nyundo ndogo. Gonga taratibu kuanzia mbele mpaka krosimemba ya nyuma, kile chuma kinachokatiza chesisi kwa upana, chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichokufa kinajibu bubu kama umegonga katoni. Yangu ilijibu kikatoni sehemu nne, na ile ya nyuma kabisa bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini na vumbi jekundu likanimwagikia usoni.

Hapo usikimbilie kubandika kiraka juu ya kutu. Kata mpaka ukutane na chuma cheupe, na kiraka chenyewe usikikate mraba, ncha zake zikate mshazari, maana mstari wa weldi ukipita wima moja kwa moja kwenye chesisi hapohapo ndo itakuja kupasukia. Na kabla hujakata chochote pima kona kwa kona uandike, vipimo vyangu viko kwa chaki kwenye bati la ukuta mpaka leo. Ukikata chesisi bila kuwa na hizo namba utakuja kushangaa milango haifungi.

Sa nije kwenye aibu yangu. Injini nilinunua ya Hiace, 3L, cc 2779, diseli isiyo na makuu, waya wa solenoidi ya pampu ya diseli tu ukipata umeme na stata ikazungusha inawaka. Nikaishusha na cheni bloku ya kuazima, nikaipanga, kati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ekseli ya mbele vidole vinne vinapita vizuri kabisa. Nikachomelea maunti zote mbili, vile vikalio vya injini kwenye chesisi, weldi ya kushiba, nikapaka na rangi juu. Sa gari ilikuwa juu ya magogo imebebwa kwenye chesisi, matairi yananing'inia, springi hazijabeba kitu. Nilivyoishusha chini uzito ukakaa kwenye springi, ekseli ikapanda, vile vidole vinne vikawa kimoja. Mtoto wa jirani akaruka juu ya bampa, nikasikia ko! Nilikaa chini kwenye zege nikaangalia tu. Wiki nzima nakata na grainda kile nilichokuwa nimepiga picha najisifia.

Kwaiyo injini ipangwe gari ikiwa imesimama kwa miguu yake, redieta ipo, giaboksi ipo, na uache nafasi ya springi kubonyea kabisa mpaka zile raba zake za kuzuia. Maunti shikiza pointi mbili tatu tu. Weldi ya mwisho piga baada ya kila kitu kuwa mahali pake, hata kama inakuwasha mikono.

Kuunganisha 3L na giaboksi ya Land Rover kunataka adapta, lile bati nene linalokaa katikati. Watu wanadhani kazi ni matundu ya bolti yakutane, wakati kazi kubwa ni shafti ya giaboksi iingie katikati kabisa ya kranki. Ikihama kidogo tu, hata nusu milimita haifiki, klachi inagoma kuachia na bearing ya mbele ya giaboksi haikai muda. Ya kwanza nilitoboa mwenyewe na drili ya mkono, nikampelekea mzee mmoja mchongaji anisaidie kusawazisha tu. Shikamoo, marahaba, akaligeuza lile bati mara mbili akanirudishia. "Kijana, hili katie mlango wa banda la kuku." Akanichongea jingine kwa siku mbili, pamoja na bushi ya shaba ya kukaa kwenye kranki. Hela niliyompa huyo mzee ndo hela pekee kwenye hii gari ambayo haijawahi kuniuma.

Breki. Hapa naomba unisikilize vizuri maana kila mtu anataka kuongelea nguvu za injini. Hii gari ina breki za drami mbele na nyuma, na we unaiongezea mwendo. Kabla 3L haijawashwa badilisha brekishuu, silinda za magurudumu yote na mipira yote, usiangalie kama "bado inafaa." Afu kuna kitu hakuna aliyeniambia. Diseli haitengenezi vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye menifoldi kama petroli, kwaiyo ile servo ya breki, inayousaidia mguu wako kukanyaga, inaishi kwa vakyumu pampu, na kwenye 3L hiyo pampu iko mgongoni mwa altaneta. Injini yangu iliuzwa bila altaneta, mi nikatafuta ya kawaida ya bei poa, inachaji safi kabisa, ila kila nikikanyaga breki ni kama nakanyaga jiwe. Nilitoa upepo kwenye breki mara tatu, nikabadili masta silinda nzima nzima, kumbe shida iko kwenye altaneta! Tafuta ile yenyewe yenye pampu, na mipira yake ya oili weka mipya, kwasababu pampu inalainishwa na oili ya injini na mpira ukipasuka njiani oili yote inaishia barabarani.

Kuhusu kuchomelea sitaongea sana, fundi welda mzuri akufundishe kwa vyuma chakavu kwanza. Ila toa tangi la mafuta, usifunike na kitambaa, toa, lipeleke mbali. Chomoa betri na waya za altaneta. Bati lenye zinki lisage kwanza mpaka zinki iishe, mi nilivuta ule moshi mweupe mchana, usiku nikatetemeka kama nina malaria. Na usijidanganye kwamba pointi moja unaweza kufumba macho tu bila ngao, saa nane usiku utaamka macho yamejaa mchanga.

Injini yoyote ya mtumba, kama ina belti ya taimingi ibadilishe kabla hujaiwasha, na idai karatasi zake palepale kabla hujatoa hela, maana namba ya injini iko kwenye kadi ya gari na itabidi ibadilishwe.

Mwendo je? Kwa difu zake za 4.7 (shafti inazunguka mara 4.7 tairi ikizunguka mara moja) ukifika kilomita 80 kwa saa injini inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika na humo ndani mnaongea kwa ishara. Safari ya kwanza mpaka Usa River shemeji yangu alishuka anauliza kama masikio yake yatarudi. Nikasikia difu za Range Rover za 3.54 zinatuliza, nikanunua mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele iliingia kama imezaliwa humo. Nyuma sasa, 109 nyingi za Series III zina ekseli ya Salisbury, na difu ya Range Rover huko haiingii hata kwa maombi, inabidi utafute ya Salisbury yenye hesabu hiyohiyo ya 3.54, na huwezi kuacha mbele tofauti na nyuma ukaweka fowili (magurudumu yote manne yavute), utavunja kitu. Nimerudisha 4.7 ya mbele. Ile difu ya pili bado iko kibandani, ndo nakalia nikiwa natoa upepo kwenye breki.