Pikapu ya dizeli inagoma asubuhi: ni pampu kweli?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L, haina tabo. Ni ya kazi za shamba na kubeba magunia, na barabara yetu ni vumbi tupu. Sasa ni miezi mitatu inanisumbua kuwaka asubuhi. Nikiilaza kwenye mwinuko pua ikitazama juu, asubuhi napiga stata mpaka betri inakaribia kufa. Ikishika inatikisika kama dakika moja, inatoa moshi mweupe unaowasha macho, halafu inatulia. Mchana kutwa nikiizima inawaka kwa mguso mmoja. Fundi wa kwanza kasema pampu imekwisha. Wa pili kasema nibadilishe nozeli zote nne. Jirani ananishauri nipulize ile dawa ya kopo kwenye bomba la hewa. Gereji ya pampu iko mbali. Nianzie wapi? Na ikishapona niitunzeje? Dizeli huwa naiweka kwenye pipa.

JIBU: Ndugu yangu, pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli (vipulizio vinavyoirusha ndani ya silinda), usiiguse kwanza. Barua yako yenyewe inaitetea.

Pampu ya aina hii ikichoka, kinacholika ni pistoni yake ndogo pamoja na kichwa inamochezea. Dizeli ikiwa baridi ni nzito, haipiti kirahisi kwenye uwazi uliolika. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja humo humo ndani ya pampu badala ya kwenda kwenye nozeli. Kwa hiyo pampu iliyochoka hulalamika ikiwa moto: unasimama dukani dakika kumi, ukirudi gari haiwaki, na mafundi wa zamani wanaifunika pampu kwa kitambaa kibichi ipoe ndipo ishike. (Kitambaa, si ndoo ya maji. Pampu ya moto ukiimwagia maji ya baridi ghafla inaweza kukwama kabisa.) Yako ni kinyume. Ikiwa moto haina neno.

La pili ulilolitaja bila kulipa uzito ni hiyo pua kutazama juu. Leo jioni igeuze, uilaze pua chini. Ikiwaka vizuri kesho, umeshapata nusu ya jibu na hujafungua hata nati moja. Injini hii haina pampu ya umeme ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tangi. Pampu yenyewe ndiyo inayovuta. Sasa fikiria mrija wa kunywea wenye tundu dogo juu: ukivuta unapata hewa, ukiacha kilichomo kinarudi kwenye glasi. Ndicho kinachotokea usiku. Hewa inaingia mahali fulani, dizeli inarudi taratibu kwenye tangi, na asubuhi unazungusha injini ili kujaza upya mpira wa kupitishia dizeli uliobaki mtupu.

Shida ya tundu la upande wa kuvuta ni kwamba halidondoshi. Linanyonya hewa, halitemi dizeli. Nikiwa bado mwanafunzi wa gereji nilipoteza siku nzima juu ya gari la namna hii, nikapangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, hakuna tone. Tundu lilikuwa kwenye mpira ulio juu ya tangi, pale klipu inapobana: ufa mfupi kama ukucha, ambao ulionekana tu ulipoukunja mpira kwa vidole. Ukiuachia, unajifunga. Bwana aliyekuwa ananifundisha aliupata kwa dakika chache, na mbinu yake ndiyo ninayokupa.

Tafuta dumu safi la lita tano, weka dizeli iliyochujwa, ulifunge mahali palipo juu kuliko pampu, mbali na bomba la moshi. Chomoa mpira unaoingia kwenye filta ya dizeli kutoka kwenye tangi, na mahali pake unganisha mpira unaotoka kwenye dumu. Dizeli inayorudi nayo ielekeze kwenye dumu hilo hilo. Toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, uibonyeze mpaka iwe ngumu. Washa, zima, iache hivyo usiku kucha. Asubuhi ikiwaka mara moja, ubovu uko kati ya tangi na filta, basi. Badilisha mipira yote ya njia hiyo na klipu zake, usitafute ule mmoja uliopasuka, maana iliyobaki ni ndugu zake wa umri mmoja. Ikiwa bado inagoma, angalia kichwa cha filta. Sasa dizeli inashuka kwa uzito wake badala ya kuvutwa, kwa hiyo palipokuwa panaingiza hewa patalowa. Mara nyingi ni ile pampu ya mkono: mpira wake wa ndani hupasuka kwa uzee, na kwenye ukingo wa chini utaona unyevu uliogandwa na vumbi.

Ukishafunga kila kitu, toa hewa tena. Injini ikikataa kushika, legeza nati mbili za mabomba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozeli, mwenzako apige stata mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza. Stata isizidi sekunde kumi na tano kwa mkupuo, halafu ipumzike. Na mkono wako ukae mbali na mabomba hayo. Nozeli hizi zinafunguka kwa mgandamizo unaozidi baa 100, na dizeli ya mgandamizo huo inapenya ngozi. Ikikuingia kidoleni ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu. Kulegeza nati hivi ni kwa injini za zamani kama hii tu. Kwenye dizeli za kisasa zenye reli moja ya mgandamizo mkubwa, usithubutu.

Lakini hewa peke yake haielezi ule moshi mweupe wa dakika nzima. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni dizeli iliyofika ndani ikakosa joto la kuungua. (Ungekuwa na harufu tamutamu na maji ya rejeta yanapungua, ningekuambia habari nyingine, ya gasketi ya silinda hedi.) Gari inatikisika kwa sababu silinda moja au mbili bado zimelala wakati wenzake wanafanya kazi. Hapo nazishuku hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya silinda kabla ya kupiga stata.

Taa ya njano ya dashibodi isikudanganye. Ile inahesabu muda tu. Itawaka na kuzima vizuri hata plagi zote nne zikiwa zimekufa. Fungua lile bamba la chuma linalounganisha vichwa vya plagi, uliondoe, ili kila plagi isimame peke yake. Chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili: moja kwenye chanya ya betri, nyingine gusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, plagi ina njia. Isipowaka, waya wa ndani umekatika. Mwenye mita ya umeme apime ukinzani: plagi nzima inasoma ohmu moja hivi au pungufu, iliyokufa haisomi kitu. Zikipita zote, rudisha bamba, mwenzako awashe swichi, upime kama umeme unafika hapo. Usipofika, tafuta rilei na fyuzi yake kabla ya kununua chochote. Unaponunua plagi soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wake, ulinganishe na zile za zamani. Plagi za injini za jamii hii zimetengenezwa kwa volti tofauti tofauti, na ya volti ndogo ukiifunga kwenye mfumo wa 12 inaungua mapema. Nimeona ncha iliyokatika ikaangukia ndani ya silinda.

Betri nayo usiisahau, hasa baada ya miezi mitatu ya kuteswa. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara 20, na stata ikizunguka kivivu joto hilo halifiki. Betri iliyopumzika isome karibu 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10. Ikishuka, shika terminali na ncha za nyaya nene mara tu baada ya kuzungusha, ukianzia na ule waya hasi unaokwenda kwenye mwili wa injini. Kiungo kilichopata moto ndicho kinachokula umeme wako. Kisugue mpaka king'ae.

Hiyo dawa ya kopo anayokushauri jirani, mwambie asante, na iishie hapo. Ina etha. Hita plagi ikiwa ya moto, etha inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni au ringi ndizo zinazolipia. Halafu kuna gari zinazoizoea, yaani haziwaki tena bila kopo. Watu husema injini imekuwa mlevi. Ukweli ni kwamba kila mpulizo umeila kidogo.

Je, nozeli? Huenda fundi wa pili ana sehemu ya haki, ila nne kwa mkupuo bila kupima ni kubahatisha. Asubuhi gari inapotikisika, legeza nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili, ukiwa na kitambaa na miwani. Ukilegeza nati ya silinda yenye afya, injini inazidi kukosa nguvu. Ile ambayo ukilegeza nati yake hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala. Kama ndiyo yenye plagi iliyokufa, umemaliza. Kama plagi yake ni nzima, hapo ndipo nozeli itolewe ikapimwe, na pia mgandamizo wa silinda: injini hii ikiwa na afya inatoa kama baa 30, na ikishuka chini ya 20 hakuna plagi wala nozeli itakayokusaidia. Usisahau tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu. Zinavyokaza kwa miaka, valvu haikai vizuri, na dalili ya kwanza ni kugoma asubuhi.

Sasa matunzo. Nitaanza na pipa, kwa sababu ndilo linaloniogopesha kuliko vumbi.

Pampu yako inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Tone la maji likiingia linafanya kutu mahali ambapo uwazi ni mwembamba kuliko unywele. Pipa lililojaa nusu linapumua: usiku hewa inapoa, unyevu unatengeneza matone kwenye kuta, yanateremka chini. Kwa hiyo pipa likishafika nyumbani liache litulie siku nzima kabla ya kuteka. Bomba la kutekea lisiguse chini. Liache nafasi ya kiganja, na kile kilichobaki usikimwage kwenye tangi hata kama kinaonekana safi. Ukitaka kujua dizeli yako ikoje, jaza chupa ya kioo kutoka chini ya pipa, uilaze usiku: maji yatajitenga chini na mstari utauona. Ukikuta na utelezi mweusi kama kamasi kati ya maji na dizeli, hao ni vijidudu wanaoishi kwenye mpaka huo, na watakuzibia filta baada ya filta mpaka pipa lisafishwe. Pipa au ndoo ya mabati yenye zinki haifai, kwani zinki hushambuliana na dizeli. Mafuta ya taa usichanganye. Yanapunguza ulainishaji, na hapo ndipo pampu uliyoitetea leo itakufa kweli.

Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji. Kilegeze kila wiki mbili, bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, kaza. Filta yenyewe nisingeiacha ipite kilomita 10,000 kwa dizeli ya pipa.

Vumbi ni rahisi zaidi. Filta ya hewa ya karatasi haioshwi. Igongegonge, upulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikishachakaa itupe. Halafu pitisha kidole ndani ya mpira ulio kati ya filta na injini. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panapopita hewa isiyochujwa, na ringi zinalika kila kilomita. Oili badilisha kila 5,000. Weusi wake si kipimo, oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ileile. Rejeta ipulizwe nje, manyasi na mbegu huziba mapezi bila wewe kuona. Grisi kwenye propela shafti kila unapobadilisha oili.

Ukivuka mto maji yakafika kwenye difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), fungua kizibo cha kujazia siku inayofuata. Oili ikiwa na rangi ya maziwa imwage yote, ujaze mpya, na uangalie kipumulio kilicho juu ya ekseli kama hakijazibwa na tope. Difu ikiwa ya moto ikazamishwa kwenye maji ya baridi inavuta hewa, na kipumulio kikiziba inavuta maji kupitia sili.

Jambo la mwisho hukuliuliza: hujasema belti ya taimingi, mkanda unaoendesha valvu zifunguke kwa wakati wake, ilibadilishwa lini. Kwa injini hii ni kila kilomita 100,000, mapema zaidi kwenye vumbi, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Kama huna kumbukumbu, fanya hiyo kwanza, hata kabla ya mipira. Kuwaka kwa shida asubuhi kunaweza kusubiri wiki moja. Ilaze pua chini.