Kila jioni naizima kompyuta, mbona mchana inaganda?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, jirani na stendi. Natoa kopi, naprinti, naskani vyeti na kuwajazia wanafunzi maombi ya vyuo na ya mikopo mtandaoni. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 10, RAM GB 4. Kuna siku ikifika saa nane mchana inakuwa nzito, inaganda, na printa inagoma huku wateja wamejaa. Nikimwita fundi anabonyeza Restart, inapona, nampa shilingi 5,000 anaondoka. Lakini mimi kila jioni naizima na asubuhi naiwasha. Iweje kuristati kusaidie na kuzima kusisaidie? Cha ajabu zaidi, siku umeme ukikatika ghafla ukarudi, inafanya kazi vizuri kuliko kawaida. Huu ni ugonjwa gani, au naibiwa?

JIBU: Habari njema, dada. Umeangalia vizuri sana, na hilo la umeme ndilo linalotoa jibu.

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ukibonyeza Shut down kompyuta haizimi kila kitu. Kuna mpangilio unaoitwa Fast Startup, na mashine nyingi huja ukiwa umeshawashwa. Unapozima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha Windows, yaani sehemu yake ya ndani inayosimamia kila kitu, pamoja na draiva zake (programu ndogo zinazoiunganisha na vifaa kama printa), hakifungwi. Kinachukuliwa kama kilivyo kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kinaandikwa kwenye diski, na asubuhi kinasomwa kutoka kwenye diski na kurudishwa palepale kilipoishia. Lengo lilikuwa zuri, kompyuta iwake haraka. Matokeo yake ni kwamba kasoro iliyojificha ndani ya kiini hicho Jumatatu inalala nacho na kuamka nacho Jumanne, hata kama usiku ulizima swichi ya ukutani.

Restart ni tofauti. Hapo Windows hufunga kila kitu hadi kiini, kisha huanza upya kutoka sifuri. Na umeme unapokatika ghafla, kompyuta haipati nafasi ya kuandika chochote kwenye diski, kwa hiyo ukirudi inalazimika kuanza upya vilevile. Ndiyo maana siku hizo unaiona nyepesi. Tafadhali usifanye hiyo kuwa dawa. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, faili linaweza kuharibika, na likiwa la Windows yenyewe kesho haitawaka kabisa.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka nenda Performance, gusa CPU, kisha tafuta chini palipoandikwa Up time. Ukikuta kwa mfano 19:06:42:10, maana yake mfumo haujaanza upya kwa siku 19 na saa 6, ingawa jana jioni uliuzima kwa mkono wako.

Sasa kwa nini kuanza upya kunaponya? Kompyuta inapofanya kazi huweka mambo yake kwenye RAM, na RAM haihifadhi kitu bila umeme. Kila programu inayofunguliwa huomba sehemu, na ikimaliza inatakiwa kuirudisha. Zipo zenye kasoro ambazo hufanya kama jirani anayeazima viti vya shughuli, shughuli ikaisha, viti vikabaki kwake. Programu ya kawaida ukiifunga, Windows huinyang'anya ilichoshika. Draiva ya printa au ya skana ni kesi nyingine, kwa sababu inakaa ndani ya kiini au inaendeshwa na huduma, yaani programu zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, zisizofungwa unapofunga dirisha. Kila siku inashika kidogo, na kwa Fast Startup hakuna asubuhi inayomfukuza yule wa ndani ya kiini.

Kwa GB 4 hali inakuwa mbaya mapema. Windows 10 yenyewe pamoja na programu ya kuzuia virusi huchukua sehemu kubwa kabla hujagusa kitu. Ongeza Chrome yenye vichupo kumi na tano vya wanafunzi walioomba mkopo, kila kimoja na fomu yake na cheti kilichopandishwa, RAM imejaa. Windows ikikosa nafasi inahamishia baadhi ya vitu kwenye diski kwa muda, na diski ya kizamani ya kuzunguka ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Angalia kile kitaa cha diski mbele ya boksi wakati inaganda: kikiwaka mfululizo bila kupepesa, ujue ndicho kinachotokea. Mchana umeshahudumia wengi kuliko asubuhi, basi kuganda kunakuja mchana.

Printa ni habari ya pembeni kidogo. Kila unachoprinti hakiendi moja kwa moja kwenye printa, kinapita kwa huduma inayoitwa Print Spooler, inayopanga kazi foleni. Kazi moja ikiharibika, mfano PDF nzito ya mwanafunzi iliyotoka kwenye flashi mbovu, zote nyuma yake zinasubiri. Kuristati huifungua huduma hiyo upya, na mara nyingi inatosha. Lakini si kila mara, kwa sababu foleni yenyewe imehifadhiwa kwenye diski na kazi iliyoharibika inaweza kukusubiri palepale. Hapo andika Services kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, tafuta Print Spooler na uisimamishe kwa Stop. Nenda kwenye folda ya Windows, ndani yake System32, kisha spool, kisha PRINTERS, ufute faili zilizomo humo tu, halafu urudi ubonyeze Start. Mteja hatasubiri kompyuta nzima iwake upya.

Kuna kasoro za aina nyingine ambazo huja kwa muda tu, hata kama RAM ipo ya kutosha. Programu nyingi huhesabu muda tangu mashine ilipowashwa, na hesabu hiyo huwekwa kwenye nafasi yenye ukomo. Windows 95 na 98 zilikuwa zinahesabu milisekunde, na nafasi ilijaa baada ya siku 49.7, mfumo ukaganda. Wala si mambo ya zamani tu. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787, aina ileile ya Dreamliner za Air Tanzania. Majaribio ya maabara yalikuwa yameonyesha kwamba umeme wa ndege ukiachwa umewashwa siku 248 mfululizo, vifaa vinavyosimamia jenereta zake vyote vingeweza kujizima kwa wakati mmoja. Hatua ya kwanza iliyoamriwa, wakati programu mpya inaandaliwa, ilikuwa kuzima umeme wa ndege na kuuwasha tena kabla hazijafika siku hizo. Nakutajia hili kwa sababu wengi hudhani kuristati ni ujanja wa fundi asiyejua kazi. Ni hatua halali kabisa, na wahandisi wa ndege wameiandika kwenye ratiba zao.

Apdeti nazo zinahusika. Windows haiwezi kubadilisha faili linalotumika wakati huo, kwa hiyo apdeti nyingi zinakaa nusu hadi uristati. Intaneti ikisema imeunganishwa huku kurasa hazifunguki, kuristati hulazimisha kompyuta kuomba anwani upya kwa ruta, ingawa mara nyingi mwenye tatizo ni ruta, na hiyo ndiyo ya kuzima.

Kwa hiyo huibiwi, dada. Ila yule fundi alikuwa na deni la dakika tano kwako. Kuristati kunafuta dalili pamoja na ushahidi. Angefungua Task Manager kabla ya kubonyeza, akabofya juu ya safu ya Memory ili zinazokula zaidi zipande juu, angekuonyesha mhusika kwa jina. Mimi hilo nalipa uzito mkubwa, maana mteja anayerudishwa kila wiki na tatizo lilelile bila kuambiwa chanzo hajahudumiwa. Siku nyingine ikiganda, anza na hapo mwenyewe. Kukiwa na ujumbe wa kosa kwenye skrini, upige picha kwa simu kabla hujagusa chochote.

Kwa hali yako ningefanya hivi. Fungua Control Panel, nenda Power Options, chagua Choose what the power buttons do, bonyeza ule mstari wa kubadilisha mipangilio iliyofungwa, kisha ondoa tiki kwenye Turn on fast startup na uhifadhi. Asubuhi itachelewa kidogo kuwaka, lakini itakuwa imeanza upya kweli. Usipotaka kubadilisha kitu, shikilia Shift unapobonyeza Shut down, nako ni kuzima kamili. Baada ya hapo, hela uliyokuwa unampa fundi ielekeze kwenye RAM ifike GB 8, na ukiweza badilisha diski iwe SSD, ile ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kwa kazi ya steshenari sioni matumizi bora zaidi ya hayo.

Kuna hali ambazo sitaki uristati hovyo. Apdeti ikiwa inaendelea na skrini inasema usizime, iache, hata ikichukua saa nzima. Kompyuta ikijizima yenyewe boksi likiwa la moto, tatizo ni feni na vumbi, na kiangazi vumbi la stendi linaingia hata mlango ukifungwa, ipulizwe kwanza. Na ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha inarudia, usiizime na kuiwasha kujaribu bahati. Kila kuwaka kunaweza kuwa kwa mwisho. Kama bado inafungua, chomeka diski ya nje papo hapo, hamisha kazi za wateja na hesabu zako, ukianza na zile usizo na nakala yake popote, ndipo umwite fundi.