Jibu: Contra, steji ya maporomoko inatushinda

Mkuu wa Lindi, umeuliza kwa nini wewe na mdogo wako mnavuka steji mbili za Contra (ile gemu ya zamani ya Nintendo ya kupiga risasi) vizuri, halafu steji ya tatu, ya maporomoko ya maji, inawamaliza roho zote, yaani nafasi za kucheza. Hapo gemu inabadilika: skrini inapanda juu, na anayeachwa chini anakufa hata kama hajaguswa na risasi. Shida yenu ni mwendo, wala si shabaha. Mmoja akikimbilia juu anamuua mwenzake, kisha mnaanza kununiana (vibanda vya gemu hapa Mtwara ugomvi ni huohuo). Pandeni sambamba, mwenye kasi asubiri.

Mawe yanayoporomoka tazameni kwanza yanavyodunda, ndipo mruke. Silaha yenye herufi S, ile inayotawanya risasi, ilindeni kama korosho ya daraja la kwanza, maana ukifa tu unarudishiwa bunduki ya kawaida. Kwa bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa steji, pigeni ncha nyekundu za mikono, halafu mdomo.

Ile mbinu ya roho 30 (kwenye skrini ya mwanzo mnabonyeza vitufe vya padi: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha Select na Start mkiwa wawili), mimi nasema itumieni bila aibu. Gemu yenyewe haihifadhi ulipofika, na umeme wetu mnaujua.