Mjomba Sheria: Niliumia kwenye shutingi, prodyuza anasema nilikuwa najitolea

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi kijana wa Mikindani. Mwezi uliopita walikuja watu wa muvi kutoka Dar wakatuchukua vijana watano wa mtaani tuwasaidie kazi, elfu 20 kwa siku na msosi. Mimi nilikuwa nashika ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Siku ya tatu dairekta akataka mwanga utokee juu, akaniambia panda pale kwenye gofu, zile nyumba za zamani za mawe. Nikamwambia bro huo ukuta mbovu hata mbuzi hawapandi, akasema dakika mbili tu jua linaondoka. Nikapanda, jiwe likachomoka nikaja nalo chini, mkono wa kulia umevunjika sehemu mbili. Wakanipakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Ligula, wakalipa eksirei na kufungwa plasta, wakaniachia elfu 50 wakasepa. Kazi yangu ya siku zote ni kuvua, na kwa mkono mmoja wavu hauvutiki. Nikimpigia prodyuza anasema "we ulikuwa unajitolea, mkataba wako uko wapi?" Kweli sina hata karatasi moja. Ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, pole sana. Na si basi, wala usimpigie tena huyo prodyuza mpaka umalize kusoma hapa.

Hilo neno "mkataba wako uko wapi" nimelisikia kwenye mashamba ya korosho, nimelisikia kwenye ujenzi, sasa limefika mpaka kwenye muvi. Wanalipenda kwa sababu linatisha. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwenzake anachukuliwa ni mfanyakazi mpaka ithibitishwe vingine, ikiwepo hata dalili moja kati ya zile zilizotajwa, mfano namna ya kufanya kazi inaamuliwa na mwingine, saa za kazi anazipanga mwingine, au vifaa umepewa na yeye. Sasa jiangalie: ubao ni wa kwao, saa ya kufika walikupangia wao, na kupanda ukutani uliambiwa panda ukapanda baada ya kukataa. Kujitolea gani huko kwa elfu 20 kwa siku?

Kwa hiyo kazi yako leo hii, kabla simu haijaibiwa au kudondokea baharini, ni kukusanya. Meseji za WhatsApp za kukuita kazini, muamala wa hela waliyokutumia, picha mlizopiga hapo lokesheni, voisi noti ya prodyuza kama ipo, vyote mtumie na dada yako akutunzie. Nenda kalipige picha lile gofu na hilo tundu la jiwe. Wale vijana wenzako wanne waandike walichokiona, majina na tarehe, waweke saini, na mama lishe aliyekuwa anawapikia naye usimsahau maana hao ndo huwa wameona kila kitu. Kama siku ile hukuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nenda polisi ueleze, halafu Ligula uombe maandishi ya daktari yanayosema umeumiaje na utakaa muda gani bila kufanya kazi.

Kingine, jua umdai nani. Jina lililoandikwa kwenye tisheti zao sio lazima liwe jina la kampuni. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa waliporipoti, pita kwa afisa utamaduni, maana kushuti muvi kunatakiwa kibali cha Bodi ya Filamu na kwenye kibali kuna jina la muombaji. Hilo jina ndo unalitafuta BRELA, wale wanaosajili makampuni.

Ukishapata hayo una njia mbili. Ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia kutoka mfukoni mwake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali anatakiwa airipoti ndani ya siku 7, na wewe taarifa yako ya kuumia isipite miezi 12. Mpe kwa maandishi, ubaki na kopi. Dai likikubaliwa kuna matibabu, kuna asilimia 70 ya kipato kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, mpaka miezi 24, na mkono ukibaki na ulemavu wa kudumu hilo nalo lina hesabu yake. Akisema hajajisajili, kutojisajili ni kosa lake sio lako, peleka dai hivyo hivyo.

Ya pili ni kesi ya madai ya uzembe mahakamani, unayo miaka 3 tangu siku ya ajali. Hapa ile kauli yako ya "huo ukuta mbovu" ni dhahabu, inaonyesha dairekta aliambiwa akapuuza. Ila kesi ni ndefu, anza na barua ya madai. Wakili kama humuwezi, tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure.

Halafu wakikuletea laki mbili na karatasi ya kusaini kwamba "hatudaiani", usisaini kabla haijasomwa na mtu anayejua. Najua njaa ya nyumbani, lakini mkono wa mvuvi sio wa laki mbili.

SWALI: Za kazi mjomba, mimi bodaboda hapa Lindi mjini. Wiki ijayo kuna jamaa wanataka nikimbize boda ufukweni kwenye sini ya kufukuzana, bila helmeti ili sura ionekane, nyuma nimebeba kameramani. Wamenipa karatasi "lolote likitokea ni juu yangu". Nisaini?

JIBU: Usisaini. Karatasi hiyo haifuti sheria ya fidia, lakini itakusumbua ukiwa kitandani. Na wewe pia jiangalie, kameramani akidondoka aliyeshika usukani ni wewe. Waulize bima yako inajua boda inaenda kuigiza? Kaiulize mwenyewe kwa wakala, ujibiwe kwa maandishi.

Wasikudanganye kwamba muvi haina polisi. Mwaka 2014 kule Georgia, Marekani, wapiga picha walipelekwa kushuti kwenye daraja la reli bila ruhusa ya wenye reli, treni ikaja, ikamuua msaidizi wa kamera Sarah Jones akiwa na miaka 27. Dairekta alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akaenda jela.

Waambie wakitaka sura yako ionekane wapige ukiwa umesimama, za kukimbia uvae helmeti na kameramani naye avae. Hela ya siku hiyo na nani analipa hospitali waandike kwenye karatasi nyingine, msaini wote wawili kabla hujawasha pikipiki.