Maswali ya Wasomaji: Runinga Kubwa Nje ya Kempa

SWALI: Tunaishi Hamburg, Ujerumani, na kila kiangazi mimi na mke wangu husafiri kwa kempa, yaani gari lenye malazi ndani, ambayo paani ina dishi linalojitafutia setilaiti lenyewe. Ndani kuna runinga ya inchi 22 ya volti 12, nayo inapokea setilaiti ya Astra bila shida. Sasa nataka kuweka nje, chini ya turubai, runinga ya inchi 43 ili tutazame mpira pamoja na wageni. Niliunganisha waya wa HDMI kutoka runinga ndogo hadi kubwa, picha haikuja. Nikanunua kigawanyo cha waya wa dishi. Mara runinga zote mbili zinaonyesha, mara moja inaizimia nyingine picha. Je, dishi limeharibika?
Msomaji, Hamburg

JIBU: Dishi lako ni zima, ndugu msomaji, majaribio yako mawili yameshindikana kwa sababu mbili tofauti.

Matundu ya HDMI yaliyo nyuma ya runinga ni ya kuingiza picha, hayaitoi. Kwa kuwa runinga yako ndogo ina tyuna ya setilaiti, yaani kifaa cha kunasa stesheni, humohumo ndani, picha inayopatikana humo haina pa kutokea. Waya ule ungefaa iwapo ungekuwa na king'amuzi cha pembeni, maana hicho ndicho chenye tundu la kutoa picha.

Kisa cha kigawanyo ni kirefu zaidi. LNB, yaani kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, haileti stesheni zote kwa pamoja katika waya mmoja. Stesheni zimegawanywa katika mafungu manne: kuna mawimbi ya wima na ya mlalo, na kila aina ina masafa ya chini na ya juu. Tyuna huagiza fungu inalolitaka kwa kupeleka umeme kwenye waya uleule, volti 13 kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa ya mlalo, ikiongeza ishara ya kilohezi 22 inapohitaji masafa ya juu. Tyuna mbili zikichangia waya mmoja, inayopeleka volti 18 hushinda. Ndiyo maana runinga zote zilionyesha mlipobahatika kuchagua stesheni za fungu moja, na mlipochagua za mafungu tofauti tu, moja ikabaki na kioo cheusi.

Kagua kwanza kama runinga kubwa ina tyuna yake ya setilaiti. Nyingi zinazouzwa Ujerumani zinayo, na maandishi DVB-S2 yatakuthibitishia. Ikiwa ipo, ondoa kigawanyo na uweke swichi ya kipaumbele, baada ya kisanduku kinachoongoza dishi, si kabla yake. Ukiwasha runinga iliyopewa kipaumbele, nyingine hukatwa, na kwa kutazama mechi hilo halikupunguzii kitu. Iwapo kuna atakayetaka katuni ndani wakati ninyi mko nje, itabidi dishi liwe na LNB ya matundu mawili na waya wa pili ushushwe kutoka paani. Binafsi nisingetoboa paa la kempa kwa ajili ya katuni.

Kempa nyingi zina soketi ya antena upande wa turubai. Usiitumie kabla ya kufuatilia waya wake, kwa sababu nyingine zimefungwa ili kuingiza mawimbi kutoka nje, si kuyatoa. Zima kila kitu kabla ya kuunganisha, kwani uzi mmoja wa ule wavu wa chuma ulio ndani ya waya wa dishi ukigusa shaba ya katikati huleta shoti. Kisha, kwenye runinga kubwa, chagua Astra digrii 19.2 mashariki, ruhusu umeme wa LNB, na utafute stesheni upya.

Runinga ya inchi 43 hutumia takriban wati 60 hadi 100. Ukitegemea betri ya volti 12 kupitia inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, wati 80 ni karibu ampea 7 hadi 8, hivyo mechi moja pamoja na mapumziko yake itakula kama ampea-saa 15. Runinga ya sebuleni haikutengenezwa kwa umande wala mvua, kwa hiyo irudishe ndani kila usiku. Na kabla jua halijazama, ielekeze kivulini, la sivyo mtaona nyuso zenu tu kiooni.

Mechi za usiku za Euro 2024 zilianza saa 3, maana yake kipindi cha pili kilianza karibu na saa 4, wakati ambao kambi nyingi za Ujerumani hutaka utulivu. Sauti, basi, itoke kwenye spika ndogo iliyo mezani kwenu.