Greda Isubiri, Bajeti Kwanza

Mmetuuliza wasomaji wenu wiki hii: mwakilishi wadi (MCA) aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza aanzie wapi? Aanzie kwenye bajeti aliyoachiwa.

Uchaguzi wetu mkuu hapa Kenya huwa Jumanne ya pili ya Agosti. Mwaka 2027 itaangukia tarehe 10. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai. Kwa hiyo MCA mpya huingia bunge la kaunti ya Nakuru na kukuta pesa za mwaka mzima zimeshagawanywa na bunge lililopita. Barabara aliyoahidi jukwaani haina hata shilingi humo, isipokuwa mtangulizi wake awe aliitengea. Asipolijua hilo mapema, atalijua Desemba, wapiga kura wakiwa wameshaanza kumwita mwongo.

Amwombe karani wa bunge nakala ya makadirio yaliyoidhinishwa, ile yenye miradi ya kila wadi, kisha asome na kalamu mkononi. "Ukarabati wa barabara, wadi mbalimbali" ni mstari wa kutiliwa shaka: haukutaja barabara, basi mwenye kuijua njia ya idarani ndiye atakayeula. "Ujenzi wa zahanati" nao una mtego wake. Choo, ua, umeme na vitanda vimo? Jengo hulipwa kutoka fungu la maendeleo, mishahara ya wauguzi iko fungu jingine, na kuajiri ni kazi ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Ndiyo maana unakuta zahanati imepakwa rangi ikapendeza, kufuli mlangoni, mbuzi wamejilalia barazani. Aulizie na hati ya kiwanja. Ardhi ambayo mzee aliitoa kwa mdomo tu, wanawe huja kuidai siku kontrakta anapochimba msingi.

Tarehe ya pili ya kushika ni 1 Septemba. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya serikali ya kaunti kuwasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Toka 10 Agosti ni wiki tatu. Huenda hata kiapo hajala. Lakini mradi uliokosekana humo utakuwa na kazi kubwa kuingia kwenye makadirio yanayoletwa kabla ya 30 Aprili. Njia ya mkato ni bajeti ya ziada, na humo mara nyingi shilingi unayoongezewa imekatwa kutoka kwa mwenzako, kwa hiyo jiandae kununiwa.

Sasa hiyo greda, mashine ya kusawazisha barabara. Wengi hukodi moja kwa pesa zao wiki ya kwanza ili waonekane wameanza kazi. Kwanza, kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza MCA kujiingiza katika kazi za utendaji. Pili, udongo wetu mwingi huku ni wa majivu ya volkano, mwepesi kubebwa na maji. Greda ikikwangua barabara ya mteremko bila mitaro ya pembeni wala kalvati, mvua ya kwanza inateremkia katikati ya njia. Baada ya msimu mmoja huna barabara, una korongo, na lori la viazi la Molo linazunguka mbali kuliko zamani.

Nyumbani nako watu watakuwa langoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Awe na daftari la safu tano: tarehe, jina, kijiji, shida, imepelekwa wapi. Maji, masoko, zahanati, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Shule za msingi na sekondari, pamoja na polisi, ni za serikali ya kitaifa. Mwenye shida ya huko aambiwe ukweli siku hiyohiyo, asizungushwe.

Shida moja ikijirudia, tuseme kioski cha maji kilichokauka, asikimbilie kununua pampu. Aombe taarifa bungeni kwa mujibu wa kanuni za kudumu: pampu iliharibika lini, nani alipewa kazi ya kuitengeneza, amelipwa kiasi gani. Jibu likishasomwa linaingia kwenye kumbukumbu rasmi, na afisa aliyekuwa hapokei simu huanza kuzipokea. Ila hilo linataka mtu anayehudhuria. Ukikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, na huna maelezo ya kuridhisha, Katiba inakuvua kiti.

Msomaji, Nakuru